UZI: Kuhamishia repo za mradi mdogo kwenye seva yetu wenyewe, na kunyoosha tovuti yake (Tabora na Kigoma)

#1 nyuki_tbr · Tabora, Isevya

Wakuu, habari za jioni.

Tuna programu ya daftari la mizani. Chama cha wafugaji nyuki kinapokea asali, karani anapima ndoo, anaingiza uzito na unyevu, mfugaji anaondoka na stakabadhi. Chanzo ni huria na timu ni watu wanne, wawili Tabora na wawili Kigoma. Kodi yetu (msimbo wa programu) iko kwenye huduma ya bure ya nje. Tunataka kuihamisha kwa sababu mbili: historia ya kazi na tiketi (kumbukumbu za hitilafu na maombi) zisining'inie kwenye akaunti ya mtu mmoja, na wenzetu wa Kigoma waweze kuvuta mabadiliko hata siku ambayo intaneti imelala.

Hali ilivyo sasa:

- Repo kuu moja ya git (ghala la kodi na historia yake yote). `git count-objects -vH` inatoa size-pack (uzito wa historia yote) ya MiB 380, wakati kodi yenyewe haifiki MB 6.
- Tiketi nyingi ambazo hatutaki kuzipoteza.
- Tovuti ni WordPress. Ukurasa wa mwanzo peke yake ni MB 4.7, na kitufe cha kupakua kimejificha kurasa tatu ndani.
- Ofisini kuna Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) ya GB 4 na laptopu ya zamani.
- Bajeti inatosha domeini na VPS (seva ya kukodi) ndogo ya RAM GB 1.

Mpango ni kuweka kila kitu kwenye Pi hapa ofisini. Naomba mnisahihishe kabla sijagusa chochote.

---

#2 seva_ujiji · Kigoma, Ujiji

Mkuu, umefanya vizuri kuuliza mapema. Pi usiiweke mbele ya watu. Sehemu inayoonekana na dunia, yaani tovuti na repo ya kusukumia, iweke VPS, ambako umeme na intaneti si kazi yako. Pi ibaki na nakala kamili ya kila kitu, iwe inajivutia yenyewe kutoka VPS. Hapo siku VPS ikifungwa au ukikosa kulipa, mali yote iko mezani kwako.

Kabla ya kuhama, punguza repo. Ukishahama ukaja kukata historia baadaye, utawasumbua watu mara mbili. Tafuta kinachokula nafasi:

```
git rev-list --objects --all |
git cat-file --batch-check='%(objecttype) %(objectname) %(objectsize) %(rest)' |
sort -k3 -n | tail -20
```

Ishirini za chini ndizo kubwa. Mara nyingi utakuta APK (mafaili ya kusakinisha ya Android) zilizokomitiwa, yaani zilizohifadhiwa kwenye historia, video ya maelekezo, dampo la hifadhidata au picha za kamera. Kuzifuta kwenye tawi la leo hakusaidii, kwa sababu historia bado inazibeba. Kloni upya, yaani chukua nakala mpya ya repo (git filter-repo inakataa kufanya kazi kwenye kloni iliyokwisha kutumika), kisha:

```
git filter-repo --strip-blobs-bigger-than 5M
```

Heshi (namba za utambulisho) za komiti zote kuanzia ile ya kwanza iliyobeba faili kubwa zitabadilika. Tagi (alama za matoleo) zitahamia kwenye komiti mpya, ila zilizosainiwa zitapoteza saini. Linki za zamani zinazotaja heshi zitakufa. Na kila mwenye kloni lazima aifute na kukloni upya. Akifanya `git pull` juu ya ile ya zamani, historia mbili zitaungana na MiB 380 zitarudi zote.

Kama kwenye lile dampo kulikuwa na paswedi au tokeni, ibadilishe leo. Kuifuta kwenye historia hakuwafikii waliokwisha kukloni.

---

#3 KasuluNet · Kasulu

Naongezea upande wa mtandao, maana hata ungeng'ang'ania Pi iwe seva ya umma, kwa intaneti ya laini ya simu isingefika popote.

Ingia kwenye ruta, soma anwani ya WAN (upande wa intaneti). Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, au inaanza na 10, uko nyuma ya NAT ya kampuni ya simu. Anwani ya umma mnagawana na wateja wengine, na hakuna kufungua poti kwenye ruta kutakakosaidia, kwa sababu ukuta uko kwao.

Kwa mpangilio wa seva_ujiji huhitaji hata handaki, kwani Pi ndiyo inayotoka kwenda VPS. Ukitaka kuifikia Pi ukiwa nje, weka WireGuard (handaki la VPN): VPS isikilize UDP 51820, na upande wa Pi uweke `PersistentKeepalive = 25`, la sivyo NAT inaisahau safari yako kimya kikizidi na handaki linakufa mpaka Pi yenyewe itume kitu.

Dalili moja inayowapotezea watu usiku mzima: ssh inaingia vizuri, `ls` inajibu, lakini ukisukuma komiti kubwa inaganda kwenye "Writing objects". Hiyo ni MTU (ukubwa wa juu wa pakiti). Pakiti kubwa zinaangushwa njiani na ujumbe wa kukuarifu haurudi. Weka `MTU = 1280` kwenye faili la WireGuard pande zote mbili, kisha jaribu tena.

---

#4 dada_terminal · Kigoma, Mwanga

Swali la msingi: Forgejo (programu ya kuendesha tovuti ya repo na tiketi) au git tupu?

Kama hitaji lingekuwa repo tu, ningesema git tupu kwa SSH. Hakuna hifadhidata na hakuna cha kusasisha kila mwezi:

```
sudo adduser --disabled-password --shell /usr/bin/git-shell git
sudo -u git git init --bare --initial-branch=main /home/git/mizani.git
```

Funguo za wanne wenu ziende kwenye `/home/git/.ssh/authorized_keys`, na `PasswordAuthentication no` kwenye sshd. Imekwisha. Ukisahau `--initial-branch=main`, mtu akikloni ataambiwa "remote HEAD refers to nonexistent ref" na folda itakuwa tupu. Hakuna kilichopotea: ndani ya repo ya seva andika `git symbolic-ref HEAD refs/heads/main`.

Ila nyuki_tbr ana tiketi, na tiketi haziko ndani ya git. `git clone --mirror` haitazileta. Kwa hiyo ni Forgejo. Ilitoka kwenye Gitea mwishoni mwa 2022, na Gitea nayo ilitoka kwenye Gogs mwaka 2016. Ni faili moja la kuendesha, hifadhidata ya SQLite inatosha kabisa kwa timu kama yenu, na kwenye RAM ya GB 1 inatulia. GitLab usiiguse kwenye mashine hiyo.

Kwenye `/etc/forgejo/app.ini` haya ndiyo ya kuangalia siku ya kwanza:

```
[server]
HTTP_ADDR = 127.0.0.1
ROOT_URL = https://git.mradi.example/

[database]
DB_TYPE = sqlite3

[service]
DISABLE_REGISTRATION = true
```

ROOT_URL ikikosewa, linki za kukloni zitaonyesha localhost:3000 na kila mgeni atakwama. Usajili ukiuacha wazi, akaunti za matangazo zitajaa kabla hujamaliza kuweka nembo.

Kuhamisha tumia kihamishaji cha ndani ya Forgejo: unampa anwani ya repo ya zamani na tokeni ya kusoma, analeta tiketi, lebo, matoleo na maoni. Lakini ataleta pia historia ile nene. Kwa hiyo acha alete, kisha sukuma historia iliyokonda juu yake kwa nguvu:

```
git push --force git@git.mradi.example:timu/mizani.git 'refs/heads/*:refs/heads/*' 'refs/tags/*:refs/tags/*'
```

Andika matawi na tagi wazi hivyo, usitumie `--mirror`, maana hiyo inabeba hata marejeo ya ndani ya maombi ya kuunganisha.

---

#5 nyuki_tbr

Asante sana dada, na wakuu wote. Kubwa lilikuwa APK za matoleo yote, mtu alizikomiti kwenye folda ya `dist`. Baada ya filter-repo imeshuka mpaka MiB 11.

Nimejaribu kusukuma repo nyingine kwa HTTPS kupitia Nginx (seva ya wavuti) iliyokuwa tayari kwenye VPS, napata:

```
error: RPC failed, HTTP 413
```

Kwenye mtandao wanasema niongeze `http.postBuffer`. Nimeongeza, haijabadilika.

---

#6 seva_ujiji

Achana na postBuffer, hiyo ni ya upande wako. 413 inatoka Nginx: kwa kawaida inakataa mzigo unaozidi MB 1. Weka `client_max_body_size 512m;` ndani ya `server`, halafu `nginx -t` na uipakie upya.

Mimi lakini ningeitoa Nginx kabisa kwa mradi huu na kuweka Caddy. Cheti cha HTTPS inakitafuta na kukihuisha yenyewe:

```
git.mradi.example {
    reverse_proxy 127.0.0.1:3000
}

mradi.example {
    root * /srv/tovuti/hai
    encode zstd gzip
    file_server
}
```

Poti 80 na 443 ziwe wazi, na rekodi ya A ya DNS iwe imeshaelekea VPS kabla hujaiwasha. Kama kuna rekodi ya AAAA (ya IPv6) iliyobaki ya mwenyeji wa zamani, ifute: Let's Encrypt (wanaotoa cheti) huanza na IPv6, itagonga seva isiyo yako na cheti kitakataliwa wakati kila kitu kwako kinaonekana sawa. Usirudie rudie pia kwa hasira. Majaribio 5 yaliyoshindwa ndani ya saa moja kwa jina moja, wanakufungia usubiri.

Na kwa RAM ya GB 1, weka swapu ya GB 1 na hizi mbili:

```
git config --system pack.windowMemory 64m
git config --system pack.threads 1
```

Bila hivyo, siku watu wawili wanakloni kwa pamoja utaona "pack-objects died of signal 9". Hiyo ni kerneli imeua git kwa sababu kumbukumbu imekwisha.

---

#7 umeme_ipuli · Tabora, Ipuli

Nazungumzia Pi, kwa sababu wengi wanaichukulia kirahisi kisha wanalaumu git.

Kwanza, kadi ya SD isibebe repo. Tumia SSD ya USB. Pili, chaja. Pi 4 inataka volti 5.1 kwa ampea 3, na chaja ya simu haifikishi SSD ikianza kuandika. Pima:

```
vcgencmd get_throttled
```

`0x0` ni salama. Ukiona `0x50000`, tangu iwashwe volti imewahi kushuka na ikapunguza kasi. Badilisha chaja na kebo kabla ya kutafuta mchawi mwingine.

Tatu, umeme kukatika. Hapa kuna jambo la ndani ya git ambalo wengi hawalijui. Mtu akisukuma au akivuta vitu chini ya 100, git inavihifadhi kimoja kimoja, si kwenye pakiti. Na kwa mpangilio wa kawaida, vitu hivyo vya kimoja kimoja havilazimishwi kufika kwenye diski kabla git haijasema "tayari". Umeme ukikatika sekunde chache baadaye, jina la faili lipo, ndani hamna kitu. Ukiwasha unakuta "object file ... is empty". Tangu Git 2.36 ya mwaka 2022 kuna dawa:

```
git config --system core.fsync all
```

Inapunguza kasi kidogo. Kwa nakala inayovuta mara moja kila nusu saa hutaiona tofauti.

Nne, saa. Pi 4 haina saa yenye betri. Umeme ukirudi kabla ya intaneti, inaamka na tarehe ya zamani, vyeti vya TLS vinaonekana "bado havijaanza kutumika", na uvutaji wote wa HTTPS unashindwa. Kimoduli cha DS3231 chenye betri ya CR2032 kinamaliza hilo.

Binafsi ningeitumia ile laptopu ya zamani kama betri yake bado inashika hata nusu saa. Ina saa yake, ina skrini ya kuangalia tatizo, na betri yake ndiyo UPS. Ruta nayo ipe UPS ndogo ya volti 12, maana laptopu hai na ruta iliyozima ni kazi bure. Kama BIOS ina kipengele cha kuwasha umeme unaporudi, kiwashe. Na msimu huu wa radi chomoa kebo za nje za antena mvua ikianza kunguruma, hasa huko Kigoma.

---

#8 mwanafunzi_urambo

Nafuatilia kwa karibu. Swali moja: hiyo nakala ya ofisini inavutaje?

---

#9 seva_ujiji

Mara ya kwanza:

```
git clone --mirror git@git.mradi.example:timu/mizani.git /srv/nakala/mizani.git
cd /srv/nakala/mizani.git
git config core.logAllRefUpdates true
```

Kisha kwenye cron (ratiba ya kazi za kujiendesha):

```
*/30 * * * * flock -n /tmp/nakala.lock git -C /srv/nakala/mizani.git fetch --quiet
```

`flock` ni ya kuzuia uvutaji wa pili kuanza wakati wa kwanza bado unakokota kwenye mtandao mzito. `--prune` nimeiacha makusudi: tawi likifutwa VPS kwa bahati mbaya, libaki ofisini. Ule mstari wa logAllRefUpdates ni muhimu zaidi ya unavyoonekana. Nakala ya `--mirror` inakubali kila kilichoko VPS, hata historia iliyosukumwa kwa nguvu. Bila kumbukumbu ya wapi tawi lilikuwa jana, nakala yako imeharibika pamoja na ya VPS.

Kwa hiyo nakala inayofuatana peke yake haijawa bekapu. Kila wiki tengeneza faili moja lenye tarehe:

```
git bundle create /srv/bekapu/mizani-$(date +%F).bundle --all
git bundle verify /srv/bekapu/mizani-$(date +%F).bundle
```

Faili hilo ni repo nzima. Mtu anaweza kulikloni moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Na kwa kuwa nyie mko pande mbili za Reli ya Kati, flashi iliyofungwa kwa LUKS (usimbaji wa diski) ikipanda treni au basi mara moja kwa mwezi kutoka Tabora kwenda Kigoma, mna nakala mbili zisizoguswa na hitilafu moja ya umeme.

Lina faida nyingine kwenye mitandao yetu. Kloni ya git ikikatika asilimia 90, inaanza sifuri. Faili la kawaida linaendelea lilipoishia. Liweke kwenye tovuti, mtu wa Kibondo afanye:

```
wget -c https://mradi.example/pakua/mizani.bundle
git clone mizani.bundle mizani
cd mizani
git remote set-url origin https://git.mradi.example/timu/mizani.git
git pull
```

Wenye Git 2.38 na kuendelea wanaweza kutumia `git clone --bundle-uri=` na kufanya yote kwa mara moja.

Tiketi zina bekapu yake. Simamisha Forgejo, kisha `sudo -u git forgejo dump -c /etc/forgejo/app.ini`, halafu iwashe. Inatoa zip yenye hifadhidata, repo na mipangilio. Hakuna amri ya kurejesha: unafungua zip na kurudisha kila kitu mahali pake kwa mkono, kisha `forgejo admin regenerate hooks` na `forgejo admin regenerate keys`. Ukiruka hizo mbili na njia za mafaili zimebadilika, SSH itakataa kila mtu. Fanya zoezi hilo zima kwenye laptopu ya zamani kabla hujaihitaji kweli.

---

#10 dada_terminal

Sasa tovuti, maana hiyo ndiyo inayofukuza watu.

Karani wa chama anafungua ukurasa kwa simu na bando la siku. MB 4.7 ni fedha yake. Anatafuta mambo manne: programu hii inafanya nini, inaonekanaje, naipakua wapi, nikikwama namwuliza nani. Yote yakae kwenye ukurasa wa mwanzo, na kitufe cha kupakua kionekane kabla ya kusogeza skrini. Kitufe kiandikwe "Pakua Mizani 1.4.2 (Android, MB 8)". Mtu ajue toleo na uzito kabla ya kubofya.

WordPress inahitaji PHP, hifadhidata na masasisho ya kila mara kwa kurasa sita ambazo hazibadiliki. Geuza ziwe kurasa tuli kwa Hugo (programu ya kujenga tovuti tuli). Lengo langu kwa mradi wa aina hii ni ukurasa wa mwanzo usiozidi KB 150 pamoja na picha, na HTML yenyewe baada ya kubanwa ikae chini ya KB 14. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye mkupuo wa kwanza wa TCP (pakiti 10), kwa hiyo maandishi yanasomeka kabla simu haijarudi kuomba zaidi.

Fonti: usilete kutoka nje. `font-family: system-ui, sans-serif` inatosha, Kiswahili hakina herufi inayokosekana kwenye simu yoyote.

Picha za skrini: usizibane kama picha za kamera. `cwebp -q 75` inachafua kingo za maandishi, na karani hasomi tena tarakimu za uzito. Kwa skrini yenye rangi chache, `cwebp -lossless` hutoa faili dogo na safi. Kata picha ionyeshe sehemu husika tu, mfano kisanduku cha uzito na cha unyevu, badala ya skrini nzima yenye alama ya betri na meseji zako. Weka `width` na `height` kwenye kila `<img>` ili maandishi yasiruke picha inapofika, na `loading="lazy"` kwa zile za chini tu. Ya juu kabisa usiiwekee, utaichelewesha.

Lugha: `<html lang="sw">`. Bila hiyo kivinjari kinakisia, na visoma skrini vinasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Watumiaji wenu ni Waswahili, ukurasa wa mwanzo uwe Kiswahili. Maelezo ya wachangiaji wa kodi yanaweza kuwa na toleo la Kiingereza chini ya `/en/`, yakiunganishwa kwa `hreflang`. Usimhamishe mtu kwa kukisia IP yake.

Na hili limewatesa wengi bila kujua: Hugo kwa kawaida inageuza alama `--` kwenye maandishi kuwa dashi ndefu na nukuu kuwa za kupinda. Mtu ananakili amri kutoka ukurasa wako, inakataa, naye anaamini programu ni mbovu. Ndani ya vibao vya kodi haifanyi hivyo, ila amri zilizo katikati ya sentensi bila alama za kodi zinaharibika. Zima:

```
[markup.goldmark.extensions.typographer]
disable = true
```

---

#11 nyuki_tbr

Nimeelewa dada. Kujenga Hugo pale pale VPS kila tunaposukuma, inafaa? Na mafaili ya matoleo nitumie zile tar.gz ambazo Forgejo inatengeneza yenyewe?

---

#12 dada_terminal

Kwenye Forgejo skripti za git zimefungwa kwa watumiaji, na zibaki zimefungwa, maana anayeziandika anaendesha amri kwenye seva. Kwa kurasa sita jenga kwenye laptopu, kisha:

```
hugo --minify
rsync -az --delete public/ wavuti@mradi.example:/srv/tovuti/hai/
```

Angalia ule mkwaju baada ya `public`. Ukiusahau, rsync itaweka folda ya `public` ndani ya `hai`, na tovuti ya zamani itabaki ilivyokuwa. Ongeza `-n` mara ya kwanza uone itakachofanya.

Matoleo: usitegemee tar.gz za kutengenezwa papo hapo. Januari 2023 GitHub walipokea mabadiliko ya jinsi git inavyobana, heshi za tar.gz za matoleo ya zamani zikabadilika, na mifumo mingi ya kujenga programu ikasimama siku hiyo. Tengeneza faili mara moja, lipakie, lisiguswe tena:

```
git archive --prefix=mizani-1.4.2/ -o mizani-1.4.2.tar.gz v1.4.2
sha256sum mizani-1.4.2.tar.gz mizani-1.4.2.apk > SHA256SUMS
```

Na kwa APK zile, hapa ndipo mahali pake. Kwenye git zisirudi.

---

#13 KasuluNet

Faida ya ziada ya mafaili yasiyobadilika: unaweza kufunga njia ya `/archive/`. Roboti zinazokusanya data za kufunzia akili mnemba zinapita kila komiti na kuomba blame (nani aliandika kila mstari) na tar.gz ya kila moja. Zingine haziheshimu robots.txt. CPU inapanda, na tar.gz zinazotengenezwa zinajaza diski. Kwenye kizuizi cha git ndani ya Caddyfile:

```
@nzito path_regexp /(blame|archive)/
respond @nzito 403
```

`/compare/` usiifunge, Forgejo inaitumia kufungulia maombi ya kuunganisha. Na `REQUIRE_SIGNIN_VIEW = true` inazuia roboti kweli, ila inazuia pia mgeni kukloni kwa HTTPS, na kwa mradi huria hilo halifai. Zikizidi nguvu, kuna Anubis: inakaa mbele ya Forgejo na kumpa kivinjari hesabu ndogo ya kufanya kabla ya kupita.

---

#14 nyuki_tbr

La mwisho wakuu. Mwenzetu mmoja ana kloni ya zamani yenye kazi ambayo hajaisukuma. Nahofia ataunganisha na kuturudishia MiB 380.

---

#15 seva_ujiji

Hofu yako ina msingi, na onyo kwenye kundi la WhatsApp halitoshi. Kazi yake aitoe kama viraka kutoka kloni ya zamani, kisha aingie kwenye kloni mpya:

```
git format-patch origin/main -o /tmp/viraka
cd ../mizani-mpya
git am -3 /tmp/viraka/*.patch
```

Ajenge viraka kabla hajafanya `git fetch` yoyote kwenye kloni ya zamani, ili `origin/main` yake iwe bado ile ya zamani.

Seva nayo ikatae historia ile. Tafuta heshi ya zamani ya komiti iliyoingiza APK ya kwanza. Usitumie komiti ya mwanzo kabisa ya mradi, kwani kama haikuwa na faili kubwa heshi yake haijabadilika na utazuia kila mtu. Kwenye VPS, ndani ya folda ya repo, weka faili `hooks/pre-receive.d/zuia-zamani`:

```
#!/bin/sh
ZAMANI=heshi-kamili-hapa
while read kale mpya rejeo; do
  case "$mpya" in *[!0]*) ;; *) continue ;; esac
  if git rev-list "$mpya" | grep -q "^$ZAMANI"; then
    echo "Hii ni historia ya zamani. Kloni upya, leta kazi kwa viraka." >&2
    exit 1
  fi
done
```

Mstari wa `case` unaruka ufutaji wa tawi, ambao huja na heshi ya sifuri tupu. Mwenye faili awe mtumiaji git, na `chmod +x`, bila hiyo haiendeshwi na hakuna atakayekuambia. Ujumbe wa `echo` utamtokea anayesukuma ukiwa na "remote:" mbele, kwa hiyo andika kwa Kiswahili anachotakiwa kufanya.

Repo ya zamani kwenye ile huduma ya nje usiifute. Ifanye ya kusoma tu, na README yake ibaki na mistari miwili: anwani mpya ya kukloni, na anwani ya tovuti. Kwenye tovuti weka elekezo la 301 kwa kila linki ya WordPress iliyokwisha kusambaa, kuanzia ile ya kupakua ambayo makarani wameihifadhi kwenye simu zao:

```
redir /kupakua-programu/ /pakua/ 301
```

---

#16 nyuki_tbr

Mwenzetu ametoa viraka vyake, vimeingia vyote isipokuwa kimoja kilichogusa `dist`. Tumekiacha. Naanza na VPS kesho asubuhi, Pi itafuata nikipata chaja ya ampea 3.